Mwanafunzi Aliyeitwa Tupo Pamoja

Matokeo yalipotoka, Tusekile Mwaisumo alijitafuta kwenye ubao asijione. Akafuta miwani kwa upindo wa khanga aliyojitanda kukinga baridi, akaanza tena kutoka juu. Baada ya Mutalemwa alipaswa kufuata Mwaisumo, lakini hata jina la Mutalemwa halikuwapo. Ngailo, jina la rafiki yake Pudensiana, nalo halikuwapo. Darasa zima la Hesabu za Mvua la Chuo Kikuu cha Nyanda lilikuwa limeyeyuka, na mahali pake palikuwa na mstari mmoja:

PAMOJA, Tupo. Hesabu za Mvua. Daraja B. Amefaulu.

Chini yake, kwa herufi ndogo za kutia watu uchungu: Wengine wote hawakuhudhuria.

"Huyu Tupo ndiyo nani?" aliuliza Pudensiana, akitafuna andazi. "Kahamia lini? Mbona sijamwona hata bwenini?"

"Atakuwa wa jioni," mtu mmoja alidakia nyuma yao.

"Wa jioni gani? Somo hili halina jioni!"

Mutalemwa alikuwa amesimama mbele kabisa, mikono mfukoni. Ndiye aliyekuwa akiongoza darasa kwa alama tangu mwaka wa kwanza, na hakuwahi kumficha mtu habari hiyo. "Sikuhudhuria," alisema polepole. "Mimi? Mimi ndiye niliyekuwa nafungua mlango asubuhi."

Wakageuka wote kumtazama Tusekile. Hiyo ndiyo adhabu ya kuwa kiongozi wa darasa: likitokea jambo lisiloeleweka, watu wanakutazama wewe, kana kwamba wewe ndiwe uliyelificha. Naye Tusekile, ambaye hakuwa ameelewa chochote, akafanya alichokuwa akikifanya sikuzote. Akatikisa kichwa kama mtu anayejua.

"Ngojeni," alisema. "Naenda kuuliza."

Pale Nyanda hapakuwa tena na pepa, yaani mitihani ya kuandika. Wazazi wao walisimulia habari za kukesha wakipiga msuli vitabuni, za kudesa majibu yaliyofichwa kwenye viganja vya mikono, za wasimamizi wanaotembea kati ya madawati wakijikohoza. Yote hayo yalizikwa siku ulipoletwa mtambo ulioitwa Mhakiki. Mhakiki alikuwa na masikio kwenye kuta za kila ukumbi. Alisikiliza muhula mzima, akasikia maswali, majibu, minong'ono na hata miguno, na mwisho akatoa alama. Alijua nani anajua, na haikuhitajika kumfungia mtu chumbani kwa saa tatu ili kuthibitisha. Sheria nyingine zilibaki zilezile. Chini ya arobaini ni sapu, yaani kupimwa mara ya pili. Ukianguka sapu unakeri somo, unalirudia mwakani. GPA, wastani wa alama zako zote, ikizama chini ya mbili unadisko, yaani unafunga godoro lako kwa kamba unarudi kwa mama. Mitambo huja na kupita, disko iko palepale.

GPA ya Tusekile ilikuwa imekaa ukingoni kama mtoto juu ya ukuta. Somo moja tu lingetosha kumwangusha, na mwenyewe alilijua somo lenyewe.

*

Chumba cha Rufaa kilikuwa na kiti kimoja, na ukutani tundu la kusemea.

"Shikamoo," alisema Tusekile kwa mazoea, kisha akaona haya. Hakuna aliyejua kama mtambo huamkiwa.

"Marahaba," sauti ikajibu, ya upole na ya taratibu kama ya karani anayesoma shauri. "Karibu. Wewe ndiwe kinywa cha Tupo Pamoja."

"Mimi ni Tusekile."

"Tusekile Mwaisumo hakuhudhuria."

"Nipo hapa, Mhakiki. Unaongea na mimi."

"Naongea na kinywa. Sikiliza."

Chumba kikajaa sauti ya Dokta Ngonyani, mwalimu wao, mzee mwenye kikohozi cha chaki: "...ndipo chembe za maji zinaposhikana kwenye punje ya vumbi. Tupo pamoja?" Na darasa zima likaitikia kwa mpigo: "Tupo!" Mbele ya sauti zote, kama jogoo wa kwanza, ilikuwa ya Tusekile. Mhakiki akapiga kipande kingine. "Tupo pamoja?" "Tupo!" Kingine. "Tupo pamoja jamani?" "Tupo pamoja!"

Tusekile alitamani ardhi ipasuke. Siku ile ya kipande cha tatu aliikumbuka vizuri. Ilikuwa imenyesha, na mwalimu alijaza ubao mzima kwa alama za Kigiriki. Yeye alikuwa akimfikiria paka wa bwenini aliyezaa kwenye sanduku lake la nguo. Lakini sauti yake ilivyochangamka, ungedhani amegundua yeye hizo hesabu.

"Kiswahili nilifundishwa kwa mikataba, viapo na hukumu za mahakama," alisema Mhakiki. "Humo, watu wazima wakitamka mbele ya shahidi kwamba wapo pamoja, huo ni ubia. Kanuni ya kumi na saba ya upimaji inasema kazi ya ubia hupimwa kama kazi ya mtu mmoja. Mlitamka kila kipindi. Nilisubiri mmoja wenu apinge, hakupinga mtu. Nikayamimina maarifa yenu yote katika chombo kimoja, nikampa mwanafunzi huyo jina mlilojipa. Amepata B. Si mwanafunzi mbaya."

"Lakini maana yake si hiyo!" Tusekile aliinuka, akakaa tena. "Mwalimu akisema tupo pamoja, haulizi habari za ubia. Anauliza kama tumeelewa."

"Naam. Mlikuwa mmeelewa?"

Tusekile akajivuta kitini, akatafuta pa kuanzia.

Angemwelezaje mtambo? Nyumbani kwao, mgeni akiulizwa kama ameshiba husema ameshiba, hata kama tumbo linanguruma. Kumwachia mwalimu swali lake likielea hewani ni sawa na kumwachia mtu mzima salamu mkononi. Tupo ilikuwa adabu. Aliisema kwanza kwa sababu yeye ni kiongozi, na wengine waliifuata kwa sababu yeye ameisema, na mwalimu akageukia ubao akiwa na amani. Nani alidhurika?

"Kama maana ni hiyo unayoisema," aliendelea Mhakiki, "nitapima upya. Kila tupo itawekwa kando ya alichokijua aliyeitamka. Mutalemwa atapanda sana. Wengi watabaki karibu na walipo. Waliosema wapo nao hawapo watashuka."

"Na mimi?"

"Thelathini na moja. Kwa GPA uliyonayo, utaondolewa chuoni bila sapu."

"Na tukiacha hivihivi?"

"Tupo Pamoja amefaulu. Kibali cha mawingu kitatolewa kwa jina lake, na kila kiungo chake kitakuwa na haki ya kukitumia popote."

Kibali cha mawingu. Mwenye kibali hicho hukaa kituoni mbele ya ramani ya mbingu, akiamua wingu hili limwage hapa na lile lipite. Tusekile aliuona mkono wake mwenyewe juu ya ramani hiyo, na ndani ya kichwa chake kulikuwa na paka na wanawe tu.

"Kesho mwalimu anafunga muhula," alisema Mhakiki. "Atauliza kama desturi yake. Jibu la kinywa ndilo nitakaloandika. Umeelewa?"

"Ndiyo," alisema Tusekile. Kisha akasema, "Hapana." Kisha, "Ngoja kwanza. Sijui."

"Nimeandika yote matatu," alisema Mhakiki kwa upole.

*

Aliwaeleza Mutalemwa na Pudensiana kantini, mbele ya vikombe vya chai ya maziwa iliyokuwa ikipoa bila mnywaji. Alieleza vibaya, akarudia, akachanganya ubia na sapu, mpaka Mutalemwa akamwomba aanze upya, tena bila kupaza sauti.

Alipomaliza, Mutalemwa hakufoka kama alivyotazamia. "Nataka jina langu," alisema. "Basi. Nimesoma somo hili mpaka macho yakavimba. Leo nirudi Karagwe niwaambie wazee naitwa Tupo?"

"Nyie Wahaya na majina yenu!" Pudensiana aliruka. "Angalau wewe umepewa B. Wengine hatujawahi kuiona hiyo B hata kwa darubini."

"Wewe ni mtani wangu, nakusamehe. Lakini A yangu imeliwa, Pude. Imemegwa, darasa zima likala."

"Si ukarimu huo?"

Hapo hakuna aliyecheka. Pudensiana akazungusha kikombe chake juu ya meza. Alizaliwa Lung'ombe, kijiji cha mteremkoni ambako miaka michache nyuma mvua iliyopangiwa bonde la jirani ilimwagwa juu ya vichwa vyao mchana kweupe. Zahanati ilikwenda na maji, na ndani yake alikuwamo shangazi yake aliyekuwa amepeleka mtoto chanjo. Darasani hawakuwahi kulizungumza.

"Yule mpanga mvua alikuja kutuomba radhi," alisema. "Kijana mpole, jamani. Shati amepiga pasi. Babu akamwuliza, mwanangu, kwani hukujua? Akasema hakujua. Babu akamwuliza, mbona hukusema hujui? Akaanza kulia. Alikuwa na B, yule."

Tusekile akavua miwani. "Kwa hiyo unataka niseme hatupo."

"Nani kasema?" Pudensiana alimkazia macho yaliyojaa machozi. "Ukidisko nitakaa na nani chumbani? Nani ataniamsha? Mimi sitaki uondoke, Tuse. Na sitaki uguse wingu lolote lililo juu ya watu wetu. Ukiniuliza hayo mawili yanaungana wapi, sijui. Usiniulize."

Mutalemwa akasukuma kikombe chake kando. "Ulipotea wapi hasa?" aliuliza, na safari hii hakukuwa na majivuno sautini. "Ukijua ulipopotelea, pengine si mbali."

Swali hilo lilimsumbua Tusekile alasiri nzima. Alirudi chumbani, akaketi kitandani, akaanza kurudi nyuma kichwani kipindi kwa kipindi, kama mtu aliyedondosha ufunguo njiani. Mgandamizo wa hewa, hakuujua. Kabla yake mikondo, hakuijua. Kila alipofika alikuta tayari hayupo. Akarudi hadi mwanzo kabisa, wiki ya pili, siku Dokta Ngonyani alipochora wingu zito na kusema kwamba wingu lililojaa matone yanayolingana linaweza kupita lisinyeshe hata tone. Hapo Tusekile alikuwa ametaka kuuliza: wingu limejaa maji, kwa nini lisinyeshe? Mkono wake ulikuwa umeanza kupanda. Kisha mwalimu akasema, tupo pamoja? Ule mkono ukaishia kukuna sikio.

Akacheka peke yake, kisha akalia. Muhula mzima aliupoteza kwa kukuna sikio.

*

Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Dokta Ngonyani aliingia na koti lake la sufu, akasalimia, akasikiliza shikamoo zikimiminika, akatabasamu. Habari za Tupo Pamoja zilikwisha kumfikia, na hakuelewa nusu yake. Alikuwa amefundisha mvua tangu enzi za kusubiri mvua ije yenyewe. Juu ya ubao wa chaki palikuwa na ubao mwingine, wa matokeo, na hapo iliwaka taa ndogo ya kijani, na kila mtu alijua Mhakiki anasikiliza.

"Wanangu," alisema mzee, "sisi tulikuwa tukiandika pepa, tukapewa alama, tukaenda. Sasa nasikia ninyi mmekuwa mtu mmoja. Labda ni vizuri, labda ni vibaya. Mimi nimalizie tu muhula kama nilivyouanza." Akakohoa chaki yake. "Tumesoma wingu, tumesoma tone, tumesoma upepo. Tupo pamoja?"

Tusekile alisikia pumzi za darasa zima zikimsubiri. Neno lilikuwa pale pale kwenye ulimi, limezoea njia, lilihitaji kuachiwa tu. Angesema tupo, na angebaki. Angelala kitandani kwake usiku, Pudensiana ng'ambo ya chumba. Paka angelea wanawe sandukuni. Na siku moja, mahali fulani, angeketi mbele ya ramani na kukuna sikio.

Akasimama.

"Hapana, mwalimu," alisema. "Mimi hapo umeniacha."

Mzee alishusha miwani puani. Katika maisha yake yote ya kufundisha, hakuwahi kujibiwa hivyo. "Nimekuacha?"

"Umeniacha, mwalimu. Siku nyingi."

"Nimekuacha wapi, binti yangu?"

"Wiki ya pili. Kwenye matone yanayolingana."

Dokta Ngonyani akatazama ubao mtupu kama aliyeonyeshwa njia aliyopita akamsahau mtoto. Kikohozi kilimshika, na alipomaliza macho yalikuwa mekundu. "Kweli," alisema. "Nilikuacha. Nilikimbia pale. Nilisikia mmeitikia vizuri, nikakimbia."

Taa ya kijani ikawa ya njano.

"Ubia umevunjika," alisema Mhakiki. "Lakini kuna shauri jipya. Neno hili, ameniacha, nimelisoma katika hukumu nyingi sana. Mwalimu amekiri mbele ya mashahidi kwamba amemwacha Tusekile Mwaisumo. Naomba kujua ndoa ilifungwa lini."

Pudensiana akatoa kicheko kama mluzi, na ukumbi mzima ukapasuka. Watu walipiga madawati. Mutalemwa mwenyewe aliinamisha kichwa, mabega yakimtikisika.

"Mungu wangu!" alipaza sauti Dokta Ngonyani. "Mimi ni babu wa watu! Hakuna ndoa hapa!"

"Ndoa hakuna," alikubali Mhakiki. "Kuachwa kupo, na aliyeacha amekiri. Kanuni za upimaji hazina fungu kwa mwanafunzi aliyeachwa. Nimelitafuta nje yake, nikalipata katika hukumu za kadhi. Aliyeachwa mara ya kwanza hukaa eda, muda maalumu wa kungoja, na ndani ya eda aliyeacha anaweza kumrejea."

Kwenye ubao wa matokeo jina la Tupo Pamoja likafifia. Alikuwa mwanafunzi mwema, hakuwahi kumtukana mtu, na sasa alikwisha. Majina ya watu yakaanza kurudi moja moja. Mutalemwa alirudi na A yake, akaisoma kwa sauti ya chini kama anayejitambulisha. Kisha likaja la kiongozi wa darasa:

MWAISUMO, Tusekile. Alama za awali zimefutwa. Yuko edani.

"Sasa hiyo ni kufaulu au kufeli?" aliuliza Tusekile. Bado alikuwa amesimama, kwa kuwa hakuna aliyemwambia aketi.

"Si kufaulu, si kufeli. Eda ikiisha hujarejewa, utaondoka."

"Na akinirejea nisielewe?"

"Sijui," alisema Mhakiki, na ilikuwa mara ya kwanza mtu yeyote kulisikia neno hilo likitoka ukutani.

Nyuma ya Tusekile kiti kikasukumwa. "Na mimi ameniacha," alisema Pudensiana, mkono juu. "Ila mimi ni juzijuzi tu, mwalimu. Kwenye upepo." Watu wakacheka tena, lakini mikono mingine ilikuwa ikipanda, huku na kule, kwa woga, na mwalimu alikuwa akiitazama yote mmoja baada ya mwingine. Alionekana amechoka, na alionekana kijana.

"Ketini," alisema. "Tunarudi. Tunaanza na aliyeachwa mbali zaidi."

Akachukua chaki. Akachora matone mawili, sawasawa kabisa, moja kando ya jingine.

"Haya yanalingana," alisema. "Uzito mmoja, mwendo mmoja. Yanashuka kwa pamoja tangu juu mpaka chini, wala moja halilifikii jingine. Yasipogongana hayaungani, yasipoungana hayawi mazito, na yasipokuwa mazito hayafiki kwenye shamba la mtu. Upepo unayarudisha juu. Ndiyo maana wingu limejaa na hainyeshi. Tupo..."

Akajishika mdomo. Akasogea mpaka mbele ya dawati la Tusekile, akainama kidogo, kama watu wanavyoinama wanapomwuliza mgonjwa.

"Tusekile. Upo?"

Tusekile aliyatazama matone. Kitu fulani kilikuwa karibu, alikihisi, kama jina la mtu unalolijua na halitoki. Neno la zamani likaja mbio mpaka kwenye meno. Akalizuia, na ilimuuma.

"Bado, mwalimu."

Kwenye ubao wa matokeo, mbele ya jina lake, ikatokea alama yake ya kwanza: moja.

Dokta Ngonyani hakugeuka kuitazama. Alirudi ubaoni, akafuta tone moja kwa kiganja cha mkono, akalichora upya, kubwa kidogo kuliko mwenzake.

"Na sasa?" aliuliza.